Zamu ya Kwanza

Kuhusu mwaka tumekubaliana: haujafika.
Kuhusu adui: hana jina, ana rangi tu, kijivu,
kwa kuwa kopo la kijivu ndilo lililombakia Malcolm
alipomaliza meli zake.
Mahali ni hapa hapa, Goole,
mji bapa kama chapati,
wenye minara miwili ya maji, mmoja mnene, mmoja mwembamba,
wenyeji huiita Chumvi na Pilipili.

Kipimo: moja kwa mia tatu.
Yaani askari ni punje ya mchele,
kifaru ni kokwa ya tende,
na droni (hapo tulikesha Jumamosi nzima)
ni chembe ya ufuta kwenye ncha ya sindano.
Ukipiga chafya umeshinda vita.

Daftari la bajeti ninalo mimi.
Vifaru kumi na viwili vya risasi,
risasi ya kuyeyushwa, si ya kufyatuliwa.
Gundi. Brashi nambari sifuri.
Wapiganapo tembo ziumiazo nyasi, sawa,
ila nyasi zangu nimezinunua,
pakiti mbili, pauni nne na nusu, kijani cha kiangazi,
na posta imezileta nzima.

Meza ni ya kulia chakula.
Mwanahawa ametupa hadi Alhamisi;
akitoka zamu ya usiku kule kwa wazee
anataka pa kuweka sahani.

Malcolm ameandika mpango kwa penseli,
mwandiko wa mtu aliyejaza fomu za bandari miaka thelathini na mmoja.
Kijivu watokee kusini.
Daraja la barabara kuu lilipuliwe mapema.
Lile la zamani lishikwe kabla ya adhuhuri.
Na chini kabisa, mstari mmoja:
Raia wamekwisha kuhamishwa.

Na nani?
Wamehamishwa tu, akasema, ndivyo inavyoandikwa.
Wapi?
Ng'ambo ya mto.
Kwa daraja lipi, Malcolm?

Akatazama ramani.
Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

Mimi hulipita lile daraja la zamani nikienda ghalani.
Likigeuzwa kupisha chombo kimoja tu
foleni hurudi hadi kituo cha mafuta,
na hapo hakuna vita,
kuna watu waliochelewa kazini.

Watu elfu ishirini. Tukakadiria magari,
tukapunguza, tukapunguza tena,
tukasema mia nne, ya mfano.
Orodha za maduka zina vifaru vya aina mia na kumi.
Gari lenye godoro juu ya paa, hakuna.

Basi nikafungua kabati la jikoni.
Gari ni punje ya dengu.

Jumatatu tulibandika, Jumanne tulibandika.
Nasra, miaka tisa, akachora vioo kwa kijiti cha meno
akauliza basi la shule liko nyuma ya nani.
Basi la shule ni haragwe.
Liko nyuma ya kila mtu.

Kufikia Jumatano dengu zilikuwa zimejaza daraja,
zimejaza barabara, zimezunguka Chumvi na Pilipili,
na vifaru vyetu, sisi tunaotetea,
vimekwama nyuma yake, mpua kwa mpua.
Malcolm akasoma kanuni kwa sauti:
kifaru huweza kupita juu ya kizuizi chepesi,
rusha dadu, nne au zaidi.
Dadu akaichukua.
Akaitikisa kiganjani muda mrefu kuliko inavyohitajika
kisha akairudisha kikombeni.

Akaomba buluu.
Akapaka dengu moja peke yake, bila haraka.
Ya Doreen, akasema. Hakupenda kuendesha usiku.
Hakuiweka kwenye foleni.
Aliiweka ng'ambo, imeshavuka,
pembeni ya nyasi zangu za kiangazi.

Alhamisi alfajiri Mwanahawa akaingia na koti lake,
akasimama mbele ya meza.
Dengu zangu, akasema.
Hakusema jingine.
Akala amesimama, sahani mkononi,
na kwa ukucha wa kidole cha shahada
akalisogeza haragwe mbele kidogo.